Mama Mkwe Katika Milima Saba

Jumanne, 4 Machi

Nimeanguka. Ningeanguka kutoka juu ya paa ningepata walau heshima kidogo, maana mimi ni fundi paa na hiyo ingekuwa ajali ya kazini. Nilikuwa nimemaliza, ninashuka ngazi na kikombe cha chai alichonipa mwenye nyumba, ngazi ikateleza kwenye tope. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Plasta imepanda mpaka pajani, na daktari anasema itakaa mpaka mvua zikaribie kuisha. Yaani msimu ambao kila mtu anamtafuta fundi paa, mimi nimeegeshwa kwenye kochi. Kikombe hakikuvunjika.

Betri, rafiki yangu anayetengeneza simu, alikuja kunipa pole akiwa na mfuko wa diski. Sisi ni wapenzi wa gemu la Milima Saba tangu ujana, na kundi letu linangoja toleo la sita mwezi wa tano. Wanataka mtu ayacheze upya matoleo yote matano, ayalinganishe, kisha aandike kitu cha kuwasomea watu siku ya kulifungua la sita.

"Wewe ndiye mwenye nafasi," akasema, akiuangalia mguu.

Nimekubali. Daftari hili ni la kuandika niliyoyaona, ila nikisema ukweli najua jibu tayari: la nne ndilo bora, mengine yalikuwa mazoezi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amefika.

Mke wangu anashona sare kiwandani, anatoka asubuhi anarudi jioni, kwa hiyo mtu wa kuniangalia alihitajika. Lakini kuna jambo jingine. Mama ni mjane, anaishi peke yake mji wa mbali, na mke wangu amemwomba mara nyingi ahamie kwetu. Jibu ni lile lile: "Mimi nina kwangu." Jana usiku mke wangu aliniambia, "Mume wangu, hii ndiyo nafasi. Kaa naye vizuri. Akipapenda hapa, atabaki."

Kukaa naye vizuri! Tangu tuoane, mimi na mama tumezungumza habari mbili tu: afya na hali ya hewa. Ninamsalimia, anaitikia, tunatafuta mahali pa kuangalia. Sasa tutakuwa sebule moja kutwa nzima, mimi nimevaa kaptula kwa sababu suruali haipiti kwenye plasta.

Alikuwa mpeleka barua wa posta mpaka alipostaafu. Amekuja na begi lile lile la kazi, la ngozi, lenye mkanda wa begani. Mke wangu alimwonyesha kabati la chumba cha nyuma. Akasema, "Kabati la nini, mwanangu? Mimi mgeni tu." Nguo zimebaki ndani ya begi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Chumba cha nyuma kinavuja. Ndiyo, mganga hajigangi, nimeshaambiwa na watu watatu. Mama ameweka beseni chini ya tone, akasogeza kitanda mwenyewe, hakusema neno. Afadhali angesema.

Jumatano, 12 Machi

Nimecheza la nne asubuhi yote. Kwa asiyelijua: Milima Saba ni nchi ya kubuni. Unaachiwa mtu wako mahali fulani, kisha ni juu yako. Ukitaka upande milima, ukitaka upigane na majoka, ukitaka ukae kijijini uvue samaki. Kila toleo ni nchi nyingine na zama nyingine.

Mimi huyapima kwa mapaa. Anayecheka na acheke. La kwanza mapaa yake ni bapa kama meza, maji yangesimama pale mpaka vyura wazae. La pili yana mwinamo mzuri lakini hayana kofia pale juu bati zinapokutana. La tatu ni vigae, vimepangwa na mtu anayejua. La nne ni mapaa ya mbao, theluji imekaa juu yake vizuri mno, ukiyatazama unasikia baridi.

Mama alikuwa anachambua maharage, mgongo kwa televisheni. Nikamkata jambazi mmoja kwa upanga, mama akageuka.

"Huyo amekukosea nini?"

"Ni jambazi, mama."

"Umemuuliza?"

Nilipunguza sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Katika la nne mvua inanyesha mpaka ndani ya nyumba! Paa ni zima, halina hata tundu, na matone yanapita kama hakuna kitu, ila sakafu hailowi. Nilianza kulalamika kwa sauti kuhusu mafundi wazembe. Kutoka chumba cha nyuma likasikika tone letu: to. To. To.

Mama akaniangalia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Sijawahi kumwona akicheka. Ana pengo upande wa kulia, na mke wangu hucheka hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Ameomba padi ya kuchezea. Kwa kweli hakuomba, alisema, "Lete nione hicho kidude kinavyofanya kazi." Nikampa la pili, kwa sababu la pili halina mshale wa kukuonyesha njia, nikajua atachoka baada ya dakika kumi. Nikamweleza sheria yetu, mimi na Betri tunayoifuata tangu tulipokuwa tunachangia mashine moja: anayekufa kwenye gemu anampisha mwenzake.

"Sheria nzuri," akasema.

Alhamisi, 20 Machi

Hajafa.

Jumapili, 23 Machi

Bado hajafa. Nimeelewa kosa langu. Sheria ile tuliitunga sisi watu wa fujo, tunaokufa kila baada ya robo saa. Mama hapigani. Akimwona jambazi anavuka barabara, akimwona mnyama anangoja apite. Amegundua kuna mfanyabiashara anayetoa mizigo na barua za kupeleka vijijini, kazi ambayo mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kuichukua kwa sababu malipo yake ni mkate. Basi yeye ndiyo anayoifanya, kijiji kwa kijiji, na padi haijarudi mkononi mwangu tangu Jumatatu.

Na la pili, usipopigana, ni kitu kingine kabisa. Unamuuliza mtu njia, anakuambia, "Shuka mpaka daraja lililovunjika, acha mto kulia, ukiona jiwe lenye umbo la mbuzi umepotea, rudi." Mama anarudia maneno hayo midomo ikichezacheza. Akifika, anasimama mlangoni kabla ya kubisha.

"Mbona unasimama, mama?"

"Ninavuta pumzi. Mtu hafungui mlango akute mtu anahema. Atadhani kuna msiba."

Jumanne, 25 Machi

Tumehamia la tatu, kwa ombi langu. Humo watu wana ratiba: wanalala, wanafunga duka, wanakwenda kwa jirani. Mama alipobisha mlango na kuambiwa mwenyewe yuko shambani, alifurahi sana. "Hawa ndio watu! Kule kwenye la pili wanasimama tu usiku na mchana, hata mtu kukojoa haendi." Lakini amechukia mshale wa njia. Ameweka kipande cha plasta ya kubandikia vidonda kwenye kioo cha televisheni, pale unapotokea.

Jumamosi, 29 Machi

Betri alikuja kuona kazi inaendaje, akamkuta mama na padi, mimi ninakatakata vitunguu. Alijikaza asicheke.

Alianza kulitetea la tano, kwamba ndilo kubwa kuliko yote: kulivuka kutoka bahari hadi milima kunachukua mchana mzima.

"Katikati kuna nani?" mama akauliza.

"Majani, mama. Yanapepea kama ya kweli."

"Niliwahi kupangiwa njia ya hivyo. Ndefu, na mlango hakuna. Niliomba uhamisho."

Betri akajaribu la nne. Ukitaka kufika mji wowote unagusa jina lake kwenye ramani, ukipepesa macho umefika. Mama akafikiri kidogo. "Sasa barabara waliichora ya nini?"

Betri ana maneno mengi kuliko redio, lakini safari hii alimaliza chai yake akaaga. Mlangoni akanishika bega. "Huyu anaondoka lini? Si kwa ubaya. Nataka kujua kama nije tena kabla hajaondoka."

Nikasema plasta ikitoka. Nilipolisema nikashangaa kwamba sikulipenda. Mwezi huu ulipoanza nilikuwa nalingoja.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua, maharage, barua. Siku nzuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Mke wangu alimwuliza tena wakati wa kula. Mama alisema plasta yangu ikishatoka, Jumapili inayofuata atapanda basi. "Mgeni siku mbili," akasema kwa utani, "na mimi siku ya tatu nilishaipita zamani." Mke wangu aliondoa vyombo kabla hatujamaliza.

Mimi najua sababu. Kila siku anapolala anasikia lile tone, na fundi mwenyewe yuko hapo kwenye kochi.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimefanya upumbavu, niuandike wote.

Mchana kulitokea dhoruba. Umeme ulikatika mama akiwa katikati ya daraja, tukabaki tunasikiliza bati. Kisha kishindo chumba cha nyuma. Kipande cha dari kilicholowa kilikuwa kimeanguka moja kwa moja juu ya kitanda chake. Angekuwa amelala ingekuwa habari nyingine.

Sikufikiri. Nilichukua magongo, nikatoka nyuma, nikaegemeza ngazi ukutani, nikaanza kupanda kwa mguu mmoja na mikono miwili, plasta inaning'inia, mvua inanipiga usoni. Nilifika ngazi ya tano. Hapo nikatambua kwamba sina nyundo, sina bati, sina hata msumari. Nilikuwa napanda kwa aibu tu.

Ngazi ikatulia ghafla. Mama alikuwa chini, ameishika kwa mikono yote miwili, kanga imemng'ang'ania mwilini kwa maji.

"Shuka! Wewe mtoto, shuka! Unataka mwanangu awe mjane kwa ajili ya bati?"

Miaka yote ananiita "mkwe". Nilishuka. Nilishuka polepole, mama akiniwekea mguu mzima kwenye kila ngazi kwa mkono wake, "hapa, sasa hapa," mpaka nikagusa ardhi. Kisha akanipiga begani, si kwa mzaha.

Ndani tulijifuta, akachemsha chai. Nikaona heri nilitapike lililonikaa. Nikasema, "Mama, najua kwa nini hutaki kukaa kwetu. Fundi paa anayeshindwa kumfunika mama mkwe wake, na wewe ni haki yako kukataa. Naona aibu sana."

Akanitazama kwa mshangao. "Nani kakuambia habari ya paa? Kwangu kunavuja kuliko hapa."

Akakaa. Akazungusha kikombe, kisha akaniambia taratibu. Kule kwake akitoka nje kila mlango anaujua. Anajua nani alipata kazi kwa barua aliyoileta yeye, nani alimfungulia akilia. Akipita wanamwita. "Hapa mwanangu ananipenda, na wewe huna ubaya. Lakini mwanangu akienda kazini na wewe ukipona, nitakaa ndani nimenyamaza kama kabati. Nchi yenu ninayoijua ni ile ya kwenye televisheni tu."

Fundi yeyote anajua kwamba tone likidondoka pembeni, tundu haliko pembeni. Maji huingia kwingine yakatambaa na mbao. Mwezi mzima nilitazama mahali ambapo tundu halipo.

Jumatano, 9 Aprili

Mwenzangu wa kazi alikuja kufunika tundu kwa turubai. Alinicheka kuanzia getini mpaka getini.

Halafu nikamwambia mama nina shida. Kuna wateja wananingoja, na inafaa waambiwe kwamba sitaweza mpaka mwezi wa tano. Akasema, "Wapigie." Nikasema, "Ninaweza. Lakini simu mtu huikata. Mtu aliyesimama mlangoni hakatwi." Hilo ni neno lake mwenyewe, alilisema akicheza la pili. Alinitazama akijua kabisa ninachofanya. Akachukua mwavuli.

Sasa, mimi majina ya mitaa hayanikai. Mtaa wetu wote ninaujua kwa mapaa. Nikamwelekeza hivi: "Shuka mpaka bati jekundu lenye kutu upande wa jua likichwa. Acha vigae kulia. Ukiona paa lenye tangi la bluu umepita, rudi."

Akasimama mlangoni, midomo inachezacheza.

"Kama la pili," akasema.

"Kama la pili, mama. Ila hapa ukifa hatupishani."

Alirudi baada ya saa mbili, viatu tope tupu, na habari za nyumba nne. Yule wa tangi la bluu amejifungua pacha. Mimi nilimtengenezea paa na sikujua hata kama ana mume.

Jumapili, 13 Aprili

Alikwenda tena, ingawa wateja wameisha. Muuza dawa wa kona alimwomba ampelekee mzee mmoja dawa, kwa kuwa anapita. Na nimepata padi! Nilikufa mara tatu kabla ya chakula cha mchana, hakuna wa kumpisha. Haikunoga.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imepungua. Mama kawapelekea watu: dawa, ufunguo uliosahauliwa, gauni la fundi cherehani, ujumbe wa kuombana radhi kati ya majirani wawili ambao hataki kuniambia ni nani. Mtaani wanamwita Mama Posta. Kila akiitwa anajibu, "Mimi mgeni tu hapa." Begi bado limefungwa, liko juu ya kiti.

Ijumaa, 2 Mei

Plasta imetoka. Mguu umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Mama ameutazama, akasema, "Utanenepa." Kisha akasema basi ni Jumapili asubuhi.

Mke wangu amenunua mkate wa njiani. Nimemkuta jikoni ameushika tu. Nikamwambia tumejaribu. Akasema, "Mimi nimejaribu. Wewe umempenda, ndiyo tofauti."

Jumapili, 4 Mei

Basi halikwenda. Daraja la barabara kuu limejaa maji, watasafiri Jumanne.

Jumatano, 7 Mei

Jumanne ilipita. Basi lilikwenda, tulisikia honi yake, hakuna aliyeligusia suala hilo. Tulikula mkate wa njiani kwa chai.

Leo nimerudi kutoka mazoezi ya mguu nikamkuta ndani ya la tatu akifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Matoleo yote ya Milima Saba yanakuruhusu ununue nyumba, na yeye siku zote alilala nyumba za wageni: "Mpeleka barua hana kwake njiani." Leo amenunua. Na amenunua ile mbaya kuliko zote, pale njia nne zinapokutana, vigae nusu vimeanguka.

"Paa lake bovu, mama," nikamwambia.

"Nimeliona. Si ndiyo maana nina fundi?"

Akaendelea kupanga sufuria zake kwenye rafu. Niliingia jikoni nikafungua bomba la maji bila sababu, nikalifunga.

Jioni nimemwandikia Betri ulinganisho. Mfupi. La kwanza tulilipenda kwa sababu tulikuwa wadogo. La nne ndilo zuri zaidi kutazama, na ndilo tunalolipita kwa haraka zaidi, tukigusa ramani. La tano ni safari ndefu ya kwenda kwa mtu ambaye hayupo. La pili linakufanya uulize njia. La tatu ukibisha kuna mtu, au amekwenda mahali na atarudi. Kama toleo la sita litayachanganya hayo mawili, nitafunga mdomo. Mapaa sikuyataja. Nilisahau.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Leo saa kumi tunakutana kwa Betri kulifungua la sita. Nimemwambia nitakuja na mtu, na kwamba sheria ya kupishana lazima tuiangalie upya.

Asubuhi nilipanda paa langu mwenyewe. Nilitoa turubai, nikatoa bati mbili juu ya chumba cha nyuma, nikatafuta tundu. Halikuwa juu ya kitanda. Lilikuwa mbali kule, chini ya kofia, msumari mmoja umeliwa na kutu. Kazi ya dakika tano, na imetusumbua msimu mzima.

Kabla ya kurudisha bati nilichungulia chini kupitia pale dari ilipoanguka. Kitanda kimerudi mahali pake. Beseni halipo. Begi la ngozi linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, tupu, limelegea. Kabati liko wazi kidogo na ndani naona kanga zimekunjwa.

Nilikaa juu ya bati na nyundo mkononi kwa muda. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, huku juu nani ananiona?

Kumbe nilikuwa ninaonekana. Mwanamke nisiyemjua alikuwa getini, ameshika bahasha, ameinua uso na kukinga jua kwa mkono.

"Samahani, fundi! Nimeelekezwa paa lililotolewa bati mbili. Hapa ndipo kwa Mama Posta?"

Nyumba hii niliijenga mimi. Miaka yote inaitwa kwa fundi paa. Chini yangu, jikoni, niliisikia sufuria ikitua na kijiko kikinyamaza, nikajua anasikiliza. Nikangoja lile neno lake la mgeni. Halikuja.

"Ndiyo," nikasema. "Hapa ndipo kwake."

Kisha sauti ya mama ikatokea dirishani, ya mtu ambaye amekwisha kuvuta pumzi.

"Karibu, mwanangu! Sukuma tu geti, halijafungwa."